Tangi Lililojaa

Kware, Pipeline
9 Februari 2025

Kwa kaka yangu Willis,

Natumai mguu umepunguza kuuma na kwamba unapata usingizi. Sisi huku tunajikaza. Mama anakusalimu sana. Kifua chake kimetulia, ila bado anapumzika kila ghorofa akipanda ngazi, na akifika kwetu juu anakaa kwenye ndoo kwanza kabla ya kusema lolote. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalitoka. Nilipata C ya kujumlisha. Mama alilia, na sikujua kilikuwa kilio cha aina gani, kwa hiyo nikaenda kuosha vyombo. Kwa sasa namsaidia kibandani, namenya viazi.

Nakuandikia kwa sababu kasisi wenu alituambia kwamba huko simu ni ya dakika chache na watu wamepanga foleni nyuma yako wakisikiliza. Mimi hata bila watu kusikiliza siwezi kuongea kwa simu, unanijua.

Jambo lenyewe ni pikipiki. Polisi waliiachilia mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa imekaa uwanjani kwao tangu siku ile, kiti kimepasuka na matope yameganda mpaka kwenye mnyororo. Tulimpa Nzivo wa steji yenu ya bodaboda aiendeshe, awe anatuletea chetu jioni. Ni yeye peke yake aliyekubali kuipanda. Lakini inakula mafuta, kaka. Nzivo anaweka asubuhi, anaweka mchana, anaweka tena kabla ya jioni, na anachotuletea kinazidi kupungua. Mama anaamini anayafyonza na kuyauza. Juzi alimngojea mlangoni pa jengo la ploti yetu, watu wote wakisikia.

"Nzivo, hii ni pikipiki ama ni ng'ombe? Maana chakula inakula na maziwa siyaoni."

"Mathe, hayo uliza pikipiki."

"Nauliza wewe uliye na mdomo."

"Basi mdomo unasema sijaiba. Nikiiba ya Willis nitalala wapi?"

Mama amesema mwisho wa mwezi anamnyang'anya ufunguo, na wenzake wa steji wameshaanza kumtazama kwa jicho la mwizi. Wewe unajua wanavyomfanya mwizi.

Nimeangalia mshale wa mafuta ili nijue ukweli, lakini umesimama pale pa kujaa na haushuki, hata tangi likiwa kavu. Kila mtu akitaka kujua kuna mafuta kiasi gani anafungua kifuniko na kuchungulia kama anayechungulia kisima. Nimeona haya kuuliza mafundi. Nikipita steji wananiita Tisha, yaani mwalimu, kwa sababu ya miwani. Kwa hiyo nakuuliza wewe: lita moja inafaa kuibeba pikipiki yako umbali gani, na mtu anapimaje ikiwa mshale ni mwongo?

Dada yako,
Clare Amolo


Gerezani
2 Machi 2025

Dada Amolo,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. C ya kujumlisha si mchezo kwa mtu aliyesomea kwenye ngazi kila stima ikipotea. Mwambie Mama nakula vizuri. Salamu pia kwa afande anayesoma barua hii kabla yako. Afande, leo ni ndefu kidogo, vuta kiti.

Mshale huo uliharibika kitambo, mimi nikiwa bado naendesha. Ndani ya tangi kuna boya dogo linaloelea juu ya mafuta. Likinasa juu, mshale utakuambia limejaa hadi Yesu arudi. Usihangaike nao. Fanya hivi.

Mpeleke Nzivo kituo cha petroli asubuhi, wewe ukiwepo. Pikipiki isimame kwa stendi ya katikati, iwe wima. Ikiegemea ile ya kando mafuta yanalala upande mmoja na utadanganywa. Jazeni mpaka shingoni, pale chuma kinapoanza kupinda. Andika namba ya kilomita. Afanye kazi yake ya siku bila kuongeza tone. Jioni mrudi palepale, muisimamishe vilevile, mjaze mpaka alama ileile. Mafuta yaliyoingia jioni ndiyo yaliyoliwa. Gawanya kilomita kwa lita. Pikipiki yangu ilikuwa inakaribia arobaini kwa lita ikiwa na abiria mmoja. Ikiwa iko chini sana, mguse Nzivo mwisho. Kwanza angalieni chujio la hewa, lile la sponji chini ya kiti. Angalieni choki kama inarudi mpaka mwisho. Zungusheni gurudumu la nyuma kwa mkono, kama breki inashika mtasikia. Pikipiki iliyokaa kwenye matope mwaka mzima ina haki ya kuwa na njaa.

Nzivo simshuku. Mwambie Mama hivyo kwa sauti yangu.

Nisalimie kila mtu kwenye ploti. Wa mlango wa chini pia, kama wanapokea salamu.

Kuna kitu kimoja nataka kukuambia, na usimwambie Mama. Hapa mtu ana nafasi ya kufikiri kuliko inavyofaa. Siku ile nimeifikiria mpaka imechakaa. Mahakamani nilisema pikipiki ilizima yenyewe. Siku hizi nikijisikia nikisema hivyo, naona ni kama namsikiliza mtu anayeongopa. Labda niliisimamisha mimi. Watu wenye akili zao wote walisema hivyo. Sijui tena, Amolo. Ingekuwa afadhali nijue, hata kama ni mimi.

Willis


Kware
30 Machi 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Willis,

Salamu nyingi. Mvua imeanza na kifua cha Mama kimeanza nayo. Anasema ni baridi tu. Binamu yetu Eve alipata mtoto wa kiume huko nyumbani, na wamempa jina lako. Mama alipouliza kama wana hakika, Eve alijibu, "Kwani jina limefungwa?" Nilifikiri ungependa kusikia hilo.

Sentensi zako za mwisho nimezisoma mara nyingi. Naomba usiamue bado.

Kipimo tumekifanya. Sikulala vizuri kwa kufikiria kwamba nitapanda nyuma ya Nzivo watu wakiniona, lakini nilienda. Mhudumu wa petroli alipoambiwa ajaze mpaka shingoni alitutazama.

"Full tank? Nzivo, umeokoka ama umeoa?"

"Huyu ni mkaguzi," Nzivo akasema, akinionyesha mimi. "Jaza, asije akakufunga."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nilisimama palepale nikaandika namba.

Jioni hesabu ilitoka ishirini na sita kwa lita. Kwa hiyo mafuta hayakuwa yakiuzwa, yalikuwa yakiliwa. Tulifungua chini ya kiti. Chujio lilikuwa tofali la udongo. Choki ilikuwa imerudi nusu, waya wake una kutu. Na gurudumu la nyuma lilipozungushwa kwa mkono lilisimama kabla ya mzunguko mmoja. Nzivo alisafisha yote kwenye karai letu, mimi nikimshikia vifaa. Tulipopima tena ilikuwa thelathini na nane. Mama hakusema samahani. Alimpikia Nzivo kuku, akamwekea kipande cha nyuma, akamwita mwanawe, "nyathina." Nzivo hajui Kijaluo lakini alielewa.

Sasa pamezuka jambo jingine. Tangu tuanze kujaza tangi, pikipiki inazima njiani. Zamani haikufanya hivyo. Inaenda vizuri, halafu inakosa nguvu kidogo na kunyamaza. Nzivo anafungua kifuniko kuangalia kama mafuta yameisha, kwa kuwa mshale hauaminiki, anakuta yamejaa tele, anafunga, anapiga kiki, inawaka. Imefanya hivyo mara nne. Anasema ni jini la uwanja wa polisi.

Nina swali, kaka, na ukiona si vizuri usinijibu. Siku ile, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani?

Wa mlango wa chini sikuwapa salamu. Nilikutana na Mama Shiku kwenye ngazi akiwa na mitungi ya maji. Nilimpisha. Alipita.

Clare


Gerezani
18 Mei 2025

Amolo,

Usihesabu siku nilizokaa kimya. Nilianza barua tatu.

Pongezi kwa Eve. Wangempa mtoto jina jingine.

Umeuliza, nakujibu mara moja na tusirudie. Lilikuwa limejaa. Hilo ndilo lililonifunga. Nilimbeba Shiku asubuhi ile kumpeleka Komarock, siku yake ya kwanza kwenye saluni. Tulikuwa tunakata barabara kubwa kuingia upande wa pili. Katikati ya barabara ikazima. Nilipiga kiki. Nikapiga tena. Nilimwambia, "Shuka, Shiku," na nafikiri alikuwa anashuka. Lori halikuweza kusimama; lilimkumba yeye, mimi na pikipiki tukasukumwa kando. Mkaguzi wa magari alikuja, akaona mshale uko juu. Akasema mishale hudanganya, kwa hiyo akafungua kifuniko mwenyewe na kuangalia. Yamejaa. Akafunga, akapiga kiki mbele ya umati. Ikawaka mara ya kwanza. Hayo ndiyo aliyoyasema mahakamani, na alisema kweli. Pikipiki yenye mafuta na inayowaka mara ya kwanza haizimi yenyewe katikati ya barabara. Ukisimama hapo, umesimama kwa kupenda kwako. Hata mimi ningejifunga.

Mama Shiku alikuwa ameketi kiti cha mbele. Aliniangalia niliposema ilizima. Sijui kama umewahi kuangaliwa hivyo.

Uzeni pikipiki. Msiniandikie tena habari zake. Niandikie habari za Mama, au usiandike kabisa, nitaelewa. Siku hizi chakula hakipiti, na sitaki barua zinazonifanya nitake kitu.

Willis

Ilipozima na Nzivo, kabla hajafungua kifuniko, alijaribu kupiga kiki ikakataa?


Kware
1 Juni 2025

Kaka Willis,

Salamu. Mama yuko vizuri kidogo. Anauliza kwa nini barua yako ilikuwa fupi na nimemwambia kalamu iliisha.

Ulinikataza, halafu ukauliza. Nimeamua kulijibu swali.

Ndiyo. Ilikataa. Nzivo hakumbuki vizuri zile mara za kwanza, kwa sababu mkono wake huenda kwenye kifuniko kabla hajafikiri. Kwa hiyo nilimwomba tujaribu makusudi. Tulijaza tangi mpaka shingoni na kwenda ile barabara ya vumbi nyuma ya godauni, ambako magari hayapiti. Tulizunguka mpaka ikazima. Nilimwambia, "Usifungue." Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Haikuwaka. Vijana waliokuwa wakicheza karata walianza kumtania.

"Nzivo, iombee!"

"Iwekee mkono, ina pepo!"

Nilishuka, nikafungua kifuniko mimi. Willis, tangi lilivuta pumzi. Sijui niseme vipi. Lilitoa sauti kama mtu aliyeshikwa shingo akaachiliwa. Nikafunga. Nzivo akapiga kiki mara moja na ikawaka.

Tulirudia. Ilikuwa hivyohivyo.

Nilikaa na kifuniko mapajani nikikitazama. Nilikumbuka mwalimu wa fizikia na kopo la maziwa: ukitoboa tundu moja, maziwa yanakwama, ni lazima utoboe la pili ili hewa iingie. Tangi nalo linahitaji kuvuta hewa mafuta yanapotoka, na njia yake ni tundu dogo kwenye kifuniko. Likizibwa, mafuta yanakosa jinsi ya kushuka. Na likiwa limejaa mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu juu ya mafuta hakuna hewa ya kutosha. Anayeweka mafuta kidogo kidogo hawezi kujua kamwe, maana anafungua kifuniko mara kwa mara, na kila akifungua anaiponya pasipo kujua. Mkaguzi naye aliiponya. Alifungua ili ahakikishe kama ulikuwa unasema kweli, na kule kufungua ndiko kulikofuta ukweli wako.

Haikuwa wewe. Ilizima. Tafadhali soma sentensi hiyo tena kabla ya kuendelea.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizunguka siku nyingi. Nilifungua chini ya kifuniko nione tundu limezibwa na nini. Kuna mpira. Umekatwa duara kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi, kwa ustadi. Ni mwekundu.

Sijamwonyesha mtu. Nzivo alikuwa ameenda kununua soda.

Na ninauliza, kwa sababu siwezi kutouliza. Hapa hakuna mtu wa boda anayejaza tangi. Kwa nini siku ile ulilijaza?

Clare


Gerezani
15 Juni 2025

Amolo,

Ni gambuti yako, kile kiatu chekundu cha mvua cha darasa la tano. Niliikata kwenye mvua kubwa ya mwisho wa mwaka, muda mfupi kabla ya siku ile. Mafuta yalikuwa yakiruka kwenye suruali yangu na maji ya mvua yakiingia, nikaona pia ndiyo sababu inakula sana. Nilijivuna nayo. Niliwaambia steji nzima kwamba tangi langu halivuji tena, bila kuwaonyesha siri.

Uchome. Usimwonyeshe Mama, usimwonyeshe Nzivo, usimwonyeshe mtu yeyote. Ulisema haikuwa mimi.

Willis


Gerezani
19 Juni 2025

Dada yangu,

Natumai hii itafika kabla ya ile nyingine. Natumai pia kifua cha Mama kimetulia na kwamba baridi ya mwezi huu haijamwingia. Hapa kuna baridi, lakini tumepewa blanketi za kanisa.

Kama hujauchoma, usiuchome.

Nilipotuma ile barua nilifikiri nitapata nafuu. Nimekaa nikiona gambuti ile ikiungua. Siwezi kuwa na vitu viwili, kusadikiwa kwamba ilizima na kufichwa ni nani aliyeizimisha. Ni kitu kimoja. Afadhali nifungwe kwa kosa langu kuliko kufungwa kwa uongo ambao sikuusema. Nimekula leo. Sikula vizuri, lakini nimekula.

Umeniuliza kwa nini nililijaza, na nimekupa kila kitu isipokuwa hilo. Nakupa sasa.

Shiku alikuwa amepanda pikipiki yangu mara kadhaa. Kila safari lazima nisimame petroli niweke kidogo, nusu lita, kile nilichokuwa nimepata kwa abiria aliyetangulia. Mhudumu ananitania mbele yake. Yeye anangoja kando akiwa ameshika kibeti. Siku ya kwanza ya kazi yake sikutaka asimame petroli kama mtu anayesindikiza ombaomba. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikopa pesa nikajaza mpaka shingoni. Nilitaka nimpeleke moja kwa moja, bila kusimama popote.

Hiyo ndiyo sababu. Ningekuwa na aibu yangu ya kila siku, ningesimama petroli, ningefungua kifuniko, na angefika Komarock.

Sasa unajua, na sijui nikuambie ufanye nini na jambo hili. Mama Shiku ana haki nalo kuliko mahakama. Lakini siwezi kukutuma mlango ule. Unaogopa hata kuomba chumvi.

Willis


Kware
20 Julai 2025

Kwa kaka yangu Willis,

Salamu zote nitakupa, lakini leo moja nimeibakiza mwisho, vumilia.

Mama ni mzima. Niliketi naye kitandani nikamweleza yote kuanzia mshale. Alisema, "Kumbe mwanangu hakuniongopea," akaenda kujifungia bafu la nje na kufungua maji yote ili tusimsikie. Mtoto wa Eve ameanza kuinua shingo.

Barua zako mbili zilifika siku moja, mkononi mwa kasisi. Nilifungua kwanza ile ya kuchoma. Nilikuwa nimeshauweka mpira ukingoni mwa jiko wakati Mama aliponiuliza, "Na hiyo nyingine haifunguliwi?" Umeungua kidogo ukingoni. Nakuambia ili ujue jinsi ilivyokuwa karibu.

Nilishuka kwa Mama Shiku Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Nilisimama mlangoni mpaka jirani mmoja akaniuliza kama nimepotea. Hatimaye Mama Shiku alifungua mwenyewe kwa kutaka kumwaga maji.

"Ni nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri na yote yalipotea. Nikamwonyesha mpira. Nikasema, "Mama Shiku, hiki ndicho kilichoizima." Nikaona uso wake ukibadilika, nikafikiri amekasirika, lakini ilikuwa kwa ajili ya jina. Baadaye aliniambia kwamba ploti nzima sasa inamwita Teresiah. Wanaogopa kumtaja Shiku, wanafikiri wanamhurumia.

Sikuficha lolote. Nilimwambia ulikata gambuti kwa mkono wako. Alisikiliza akiwa amesimama, karai mkononi, maji yakimwagikia miguuni.

"Kwa hiyo unataka niseme nini? Kwamba amesamehewa?"

"Hapana."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Alisema ilizima na hakuna aliyemsikia. Nimekuja uisikie."

Sijui yalitoka wapi maneno hayo. Alifunga mlango. Nilipanda juu nikiwa na hakika nimeharibu kila kitu.

Jumapili iliyopita baada ya ibada alimngoja Nzivo mlangoni pa ploti, akiwa na kitambaa chake cha kanisa na viatu vya kufunga. Akamwambia, "Nibebe. Na hicho kitu mkirudishe." Nzivo alinitazama mimi. Nilikubali kwa kichwa. Tulienda ule uwanja mtupu karibu na Komarock, mimi nikifuata kwa boda nyingine. Tulirudisha mpira, tukajaza tangi. Nzivo alikuwa na mafuta ya kujaza kwenye mtungi. Mama Shiku alipanda kiupande kama wanavyopanda akina mama wa zamani, wakaanza kuzunguka uwanja. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele kama kwa bibi yao, "Shosho anajifunza boda!" Yeye alitazama mbele tu. Walizunguka sana, Willis. Nilianza kuomba izime, halafu nikaona aibu kwa kuomba jambo kama hilo.

Ikazima. Unajua vizuri kuliko mimi jinsi inavyokuwa. Hakuna kishindo. Inadhoofika, halafu ni kimya tu na gurudumu likizunguka lenyewe.

Mama Shiku hakushuka. Akasema, "Piga." Nzivo akapiga kiki. "Piga tena." Akapiga. "Tena." Nilikuwa nimekaribia na nilimwona amemshika Nzivo shati kwa nyuma, vidole vimekuwa vyeupe. Nzivo alipiga mpaka akapoteza nguvu, akageuka na kusema kwa upole, "Mathe, haiwezi."

Mama Shiku akashuka. Akauliza kifuniko kinafunguliwa vipi. Akafungua yeye. Iliposikika ile sauti ya kuvuta pumzi aliweka mkono mdomoni akakaa chini kwenye nyasi, na nguo zake za kanisa. Nilikaa kando yake.

Hapo ndipo nilipomwambia kwa nini ulijaza tangi. Sikuwa nimepata ujasiri siku ile ya mlangoni. Nilifikiri litamuumiza kuliko yote.

Akasema, "Alikuwa anajua." Nikadhani sikusikia vizuri. "Shiku. Alikuwa akija anacheka, ananiambia, Mami, yule kijana wa juu akinibeba lazima asimame petroli, na anaona haya mpaka masikio. Nikamwambia basi tafuta boda nyingine yenye mafuta. Akasema hapana. Akasema pale petroli ndipo wanapopata nafasi ya kuongea."

Nilitaka kukaa na neno hilo kwanza kabla ya kukuandikia, lakini niliona si langu kulikalia.

Sasa mambo ya mbele. Kanisani kuna wakili wa msaada, Bi. Batulo. Nimempelekea mpira, kifuniko na maelezo ya majaribio yetu. Alisema wazi kwamba mimi mwenyewe sijui kama nimekuletea dawa au sumu. Mahakama ya rufaa huenda ikasema hukusimama kwa makusudi, na huenda ikasema uzembe ni uleule. Hakuahidi. Aliuliza kama kuna shahidi mwingine wa majaribio asiye ndugu yako. Nilikuwa nimekaa na Nzivo, nikafikiri atajitaja yeye. Mlango ulikuwa wazi, na Mama Shiku alikuwa ameketi nje kwenye benchi. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alisimama akaingia.

Sijui itakuwaje. Kula. Tafadhali kula.

Ile salamu niliyoibakiza nilimwomba aiandike mwenyewe, hapa chini. Alikataa, kisha akaomba kalamu.

Dada yako,
Clare Amolo

Willis. Nimeisikia ikizima. Salamu kutoka mlango wa chini. Mama Shiku.